Pedali moja moja au multi-efekti? Maswali yanayoulizwa sana na wapiga gitaa

Haya ndo maswali yanayonifikia zaidi kutoka kwa wapiga gitaa wa bendi na wa makanisani, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nina hela ya kununua kitu kimoja tu, ninunue nini. Majibu mengine ni marefu manake jambo lenyewe lina mambo mengi, mengine ni mafupi tu.

Hivi pedali na multi-efekti zinatofautianaje hasa?

Pedali ni kiboksi kimoja kinachofanya kazi moja. Chukua Boss DS-1 iliyotoka 1978, inatoa distoshoni basi, yaani ile sauti ya gitaa inayokwaruza, ina nobu tatu na swichi moja ya mguu, ukikanyaga inawaka ukikanyaga tena inazima. Ukitaka dilei, yaani mwangwi unaojirudia, unanunua nyingine, ukitaka korasi, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, nyingine, unaziunganisha kwa vikebo vifupi na kuzipanga kwenye ubao, ndo pedalibodi hiyo. Multi-efekti yenyewe ni kompyuta ndogo ya gitaa, ndani kuna chipu inayoiga pedali zote hizo pamoja na ampu (amplifaya) na makabati ya spika, halafu unahifadhi mchanganyiko wako kama priseti, yaani unakanyaga mara moja tu na vitu vitano vinabadilika kwa pamoja.

Sio kitu cha jana. Boss walitoa ME-5 mwaka 1988, Line 6 wakatoa POD mwaka 1998, ila nyingi za zamani zilikuwa zinatoa sauti kavu, distoshoni yake haina mwili, na ndo maana mpaka leo kuna wakongwe wanakwambia multi ni mdoli wa watoto. Walikuwa sahihi kwa mashine walizozisikia wao. Za sasa hivi ni habari nyingine kabisa.

Sa mi nianze na ipi?

Kwanza niambie kebo yako inaishia wapi. Hili swali watu hawajiulizi, wanaanza na jina la pedali waliyoiona kwa mpiga gitaa flani wa Marekani, wakati jibu lote liko hapo kebo inapoingia.

Kama kebo inaingia kwenye ampu ya gitaa inayoeleweka, Fender, Marshall, Roland, hata Boss Katana, na hiyo ampu unaikuta kila unapopiga, basi pedali moja moja zinakufaa sana manake kazi kubwa ya sauti ishafanywa na ampu na spika yake, we unaongeza rangi tu. Lakini kama kebo inaingia kwenye mixa na unasikika kupitia spika za ukumbi, na kwetu huku wengi wetu ndo hali halisi, kanisani hakuna ampu ya gitaa, kwenye harusi hakuna, hotelini ukiikuta imekufa spika, hapo anza na multi-efekti, hata ndogo. Nasema hivi bila kusita na nitaeleza sababu swali linalofuata.

Kwanini pedali yangu ya distoshoni nikiichomeka kwenye mixa inalia vibaya wakati kwenye video inaimba?

Manake kwenye video kuna ampu na spika ya gitaa mbele ya maiki, we huna. Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 ya kawaida, ukishapita kama kilohezi 5 inashuka kwa kasi sana, zile sauti kali za juu inazimeza. Hiyo sio kasoro, ndo inayofanya distoshoni isikike nene na tamu. Spika za ukumbi zimetengenezwa kwa ajili ya sauti za watu, vinanda, matoazi, kwa hiyo zinatoa kila kitu mpaka juu kabisa. Ukipeleka distoshoni tupu huko unasikia makali yote ambayo spika ya gitaa ingeyakata, inalia kama nyuki ndani ya debe, na fundi mitambo anakupunguza mpaka huonekani kwenye wimbo.

Multi-efekti ina kitu cha kuiga kabati la spika, na hicho ndo kinachokata hayo makali. Nyingine kama NUX MG-300 na Mooer GE150 zinapokea na faili za IR, yaani rekodi fupi sana ya jinsi kabati flani na maiki flani vinavyosikika, unaipakia ndani na sauti yako inapita humo. Tofauti utaisikia dakika hiyo hiyo.

Ukitaka kubaki na pedali zako na bado uingie kwenye mixa inawezekana, unaweka mwisho wa mnyororo pedali ya kuiga ampu na kabati, zipo za kampuni kibao. Ila ukishanunua hiyo pamoja na overdraivu (distoshoni laini) na dilei, hesabu imeshapita bei ya multi nzuri tu.

Kwani DI boksi si inatosha?

DI inatatua tatizo lingine. Gitaa lina pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zenye ukinzani mkubwa, mixa inataka ukinzani mdogo na waya uliosawazishwa ili sauti isafiri mbali bila kuokota kelele, DI inafanya hiyo kazi na inaifanya vizuri. Lakini haiigi spika. Kwa sauti safi ya rumba DI nzuri na pedali ya korasi vinaweza kukutosha kabisa, kwa distoshoni haitoshi hata kidogo.

Napiga rumba na sebene, nahitaji efekti gani?

Chache kuliko unavyofikiri. Solo ya Kikongo na ya dansi letu inakaa kwenye sauti safi, ang'avu, pikapu ya nyuma karibu na daraja au ile ya katikati, komprisa kidogo ili noti zote zitoke sawa hata ukipiga haraka, korasi ya taratibu, dilei, na rivabu, yaani mwangwi kama wa ukumbi, kidogo tu ya kufuta ukavu. Distoshoni karibu huihitaji. Korasi yenyewe ina historia nzuri hapa: Roland walitoa ampu ya JC-120 mwaka 1975 ikiwa na korasi ndani, mwaka uliofuata Boss wakaitoa hiyo korasi wakaiweka kwenye boksi lake, ikaitwa CE-1, ndo pedali ya kwanza ya korasi. Ule mng'ao uliousikia kwenye magitaa ya miaka ya 80 kwa sehemu kubwa ni ukoo huo.

Kwenye dilei ndo watu wengi wanaharibu. Wanaweka tu muda wowote, halafu sebene likichanganya, gitaa linagombana na ngoma. Chukua 60,000 gawanya kwa kasi ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa kasi 120 pigo moja ni 500, nusu yake ni 250, na robo tatu yake ni 375. Hiyo 375 jaribu ukiwa unapiga noti za haraka zinazojirudia, mwangwi unaingia katikati ya noti zako na gitaa moja linasikika kama mawili. Marudio mawili au matatu basi, na kiwango cha mwangwi kiwe chini sana ya sauti yako, ukianza kuusikia waziwazi ujue umezidisha. Na kama mashine ina swichi ya kugonga kasi kwa mguu itumie, manake mpiga ngoma hakai kwenye namba uliyoiandika nyumbani.

Sasa ukihesabu, komprisa, korasi, dilei, rivabu, ni pedali nne. Multi yoyote ya bei ya chini inazo zote nne na inaziwasha kwa pamoja bila shida. Kwa mpiga solo wa rumba anayeingia kwenye mixa mi sioni hoja ya kuanza na pedali moja moja, kwa kweli.

Gitaa la ridhimu na mi-solo (lile la kati ya ridhimu na solo) ni hivyo hivyo ila punguza dilei, ikiwezekana zima kabisa. Magitaa matatu yote yakiwa na mwangwi mrefu wimbo unakuwa ukungu, hakuna anayesikika.

Multi za bei ndogo zipi zinafaa?

Nitataja ninazoona zina maana. Zoom G1 Four, na ndugu yake G1X Four yenye pedali ya kukanyaga kwa wah (efekti inayofanya gitaa liseme "wa-wa") na volyumu, ina efekti zaidi ya 70 na inaruhusu tano kwa wakati mmoja. Boss GT-1 ni ngumu kidogo kwa mwili, ina pedali ya kukanyaga tayari. Zote hizo zinatumia betri nne ndogo za AA, na hapa kwetu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, umeme ukikatika katikati ya mazoezi we bado unaendelea na hedifoni zako. Halafu kuna hizo za Kichina, NUX, Mooer, Valeton, Hotone, zimepanda ubora sana na kwa bei yake zinakupa vitu ambavyo zamani vilikuwa kwenye mashine za bei mbaya.

Ila soma vizuri kabla hujalipa. Kuwa na tundu la USB hakumaanishi mashine inarekodi. USB ya Zoom G1 Four ni ya kuhariri sauti na kusasisha programu yake, hairekodi gitaa kwenye kompyuta, wakati ya Boss GT-1 inarekodi. Mtu ananunua akijua atarekodi nyumbani, anafika anachomeka, hamna kitu. Na angalia pia kama ina tundu la kutuma na kurudisha sauti kwa ajili ya kuunganisha pedali nyingine katikati, ndogo nyingi hazina.

Ukiwa na mfuko mnene kuna Line 6 HX Stomp ya 2018, ni ndogo kabisa, inaingia kwenye begi la gitaa na inakaa vizuri katikati ya pedali nyingine. Ilipotoka ilikuwa na nafasi sita za efekti kwa wakati mmoja, sasisho la 3.0 likaongeza zikawa nane, bure, kwenye mashine ile ile uliyokwisha nunua. Pedali ya kawaida haikui hivyo. Juu zaidi kuna Boss GT-1000, Line 6 Helix, Fractal, Kemper, Quad Cortex ya Neural DSP. Hizo ni kwa mtu ambaye gitaa ndo linalipa kodi ya nyumba.

Efekti 70 zote hizo za nini? Si zitanichanganya tu?

Zitakuchanganya kama utaanza na priseti za kiwandani. Zile zimetengenezwa kumvutia mtu dukani akiwa peke yake na hedifoni, rivabu kubwa, dilei kubwa, kila kitu kimewashwa, ukiingia nazo kwenye bendi unapotea. Futa, anza na priseti tupu. Weka ampu safi na kabati lake, sikiliza, ongeza kitu kimoja, sikiliza tena. Ukipata sauti tatu unazozipenda, safi ya kuongoza, safi ya kusindikiza, na moja yenye overdraivu ya solo, ziweke zifuatane namba 1, 2, 3, halafu zoezi lako liwe kuzibadilisha kwa mguu bila kuangalia chini. Wengi wa wanaopiga jukwaani kila wiki hawavuki sauti nne au tano.

Hapa lazima nikiri pedali moja moja zina faida ya kweli. Nobu iko mbele ya macho, dilei imezidi unainama unapunguza, sekunde mbili umemaliza. Kwenye multi ndogo unaingia menyu, unatafuta ukurasa, unazungusha, na wimbo unaendelea. Kwa mtu ambaye hapendi kabisa mambo ya skrini hiyo ni sababu halali ya kuchagua pedali. Au atafute multi yenye nobu nyingi juu kama Boss ME-80 na ME-90, zimepangwa hivyo makusudi, kila efekti na nobu zake.

Wanasema digitali haina uhai, na inachelewesha sauti. Kweli?

Kuchelewesha ni kweli inachelewesha, milisekunde chache tu kwa mashine nyingi za leo. Sauti kwenye hewa inatumia karibu milisekunde 3 kwenda mita moja. Kwa hiyo ukisimama mita mbili kutoka kwenye ampu yako ushacheleweshwa kama milisekunde 6 na hujawahi kulalamika. Shida inakuja ukianza kuunganisha vifaa vitatu vinne vya digitali mfululizo, multi, halafu waya-lesi ya digitali, halafu mixa ya digitali, halafu spika za masikioni, hapo inajumlishana na kidole chenye hisia kali kitaanza kuona.

Uhai ni suala lingine. Overdraivu na fazi (fuzz, distoshoni nzito ya kizamani) za analogi bado naona zina kitu, hasa vile zinavyoitikia ukipunguza volyumu ya gitaa, fazi nzuri inasafika polepole chini ya kidole na multi za bei ndogo hapo zinashindwa. Kwenye dilei, rivabu, korasi, sijawahi kuona haja ya kubishana, dilei nyingi za pedali zenyewe ni digitali, Boss DD-2 ya 1983 ilikuwa digitali tayari. Mtu anakwambia hapendi digitali wakati nusu ya pedalibodi yake ni chipu.

Naweza kuchanganya vyote viwili?

Ndio na kwa maoni yangu hapo ndo pazuri zaidi pa kufikia. Multi inabeba kabati, dilei, rivabu, korasi, tyuna ya kurekebisha nyuzi, halafu mbele yake unaweka pedali moja ya overdraivu unayoipenda kwa moyo, mfano Ibanez Tube Screamer au mojawapo ya nakala zake. Gitaa, overdraivu, multi, mixa. Kebo tatu tu, begi moja. Ile sehemu ambayo multi ndogo ni dhaifu umeijaza na pedali, na sehemu ambayo pedali zinakula hela umeiachia multi.

Kama una ampu yenye matundu ya nyuma ya kutuma na kurudisha, na multi yako inayo pia, kuna njia ya kebo nne, ambapo overdraivu za kwenye multi zinakaa mbele ya ampu na dilei na rivabu zinakaa baada ya sehemu ya utangulizi (preamp) ya ampu. Inataka uvumilivu kuipanga mara ya kwanza ila sauti inakuwa safi sana, dilei haichafuliwi na distoshoni ya ampu.

Pedali zinapangwaje?

Kawaida: tyuna, wah, komprisa, overdraivu, distoshoni, korasi, dilei, rivabu. Sababu ya kuweka dilei baada ya distoshoni ni kwamba ukifanya kinyume mwangwi wote nao unapigwa distoshoni, unapata uji. Pedali ya volyumu ukiiweka mwanzo inapunguza na distoshoni, ukiiweka baada ya overdraivu inapunguza sauti tu bila kubadilisha rangi, na ukiiweka kabla ya dilei unaweza kuinua noti polepole kwa mguu mwangwi ukabaki unaelea, wapigaji wa kanisani kipindi cha maombi wanaipenda sana hiyo. Sio sheria, jaribu.

Kitu kingine, kebo ndefu inakula sauti za juu. Ukiwa na pedali nyingi ambazo zote zikizimwa zinapitisha sauti moja kwa moja bila bafa, yaani sakiti ndogo inayoipa sauti nguvu ya kupita kwenye kebo ndefu, zile kebo zote zinajumlishana na gitaa linakuwa zito, limefunikwa. Pedali moja yenye bafa, na za Boss za kawaida zinayo, inarudisha uangavu. Watu wanakimbia bafa kwa sababu walisikia ni mbaya, bila kujua ndo dawa ya tatizo lao.

Umeme je? Pedali zangu zinavuma.

Hili lisome taratibu manake hapa ndo vifaa vinakufa.

Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, hasi katikati. Zipo chache za kinyume, hasa fazi za mtindo wa zamani, na zipo za volti 12 au 18. Soma mchoro mdogo pembeni ya tundu kila mara. Adapta ya kinanda cha Yamaha inaingia vizuri tu kwenye tundu la pedali, lakini nyingi ni volti 12 na chanya iko katikati, ukiichomeka unaweza kuua pedali papo hapo, na kanisani ndo adapta iliyo karibu kuliko zote. Weka alama kwenye ya kwako, hata plasta yenye rangi.

Pili, miliampia. Adapta ikiwa na nyingi kuliko zinazohitajika haina shida, pedali inachukua inachotaka. Ikiwa na chache ndo shida. DS-1 inakula kidogo sana, chini ya 10, Boss DD-8 inataka kama 65, HX Stomp yenyewe inakuja na adapta ya ampia 3 nzima, adapta yake usiichanganye na nyingine yoyote.

Tatu, ndugu wa Marekani akikuletea adapta angalia imeandikwa nini. Ikiwa 100-240V haina neno, badilisha plagi tu. Ikiwa 120V peke yake usiichomeke hapa, Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, itaungua.

Mvumo sasa. Waya mmoja wa kugawa umeme kwa pedali zote ni rahisi na unafanya kazi vizuri kwa pedali za analogi, ila ukiingiza ya digitali humo unaanza kusikia mluzi. Dawa ni kigawa umeme ambacho kila tundu limetengwa na lingine, ni ghali, na hiyo gharama watu huwa hawaihesabu wanapolinganisha pedali na multi. Pedali tano, vikebo sita, kigawa umeme, ubao, begi la ubao. Multi ina adapta moja. Kama mvumo unatokana na jenereta au jengo lisilo na waya wa ardhini, usikate pini ya ardhini kwenye plagi kama wengine wanavyofanya, ile inalinda maisha yako ukishika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki. Tumia DI yenye swichi ya kutenganisha ardhi.

Sauti nimeitengeneza nyumbani tamu kabisa, nimefika ukumbini imekufa. Kwanini?

Kwa sababu nyumbani ulisikiliza kwa sauti ndogo, na sikio kwa sauti ndogo halisikii vizuri besi na sauti za juu kwa hiyo ulizijaza. Ukumbini kwa sauti kubwa zinafumuka. Punguza besi, besi ya chini ni ya mpiga besi na kinanda, we kaa katikati. Punguza rivabu manake ukumbi una yake. Na sawazisha nguvu za priseti zako, ya solo iwe juu kidogo tu ya nyingine, zisiruke, fundi mitambo akishtuliwa mara moja na priseti yenye kelele atakuweka chini usiku mzima na sitamlaumu.

Ukiweza, nenda mapema na utengeneze sauti zako ukisikiliza kwenye spika za pale pale. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko pedali mpya.

Ikiharibika inakuwaje? Na nikitaka kuuza?

Pedali ya analogi yenye vipuri vya kawaida fundi mzuri wa redio anaitengeneza, tundu limelegea, swichi imekufa, kapasita, anabadilisha na unaendelea. Multi ikifa chipu au skrini mara nyingi ndo basi, vipuri havipatikani na kufundisha mtu kuifungua ni kazi. Na ikifa usiku wa shoo imekufa yote, wakati pedali ikifa unairuka kwa kebo unapiga na zilizobaki. Kwa hiyo mwenye multi abebe daima DI au hata pedali moja ya akiba.

Kuuza, pedali za majina zinashika bei vizuri. DS-1 ya miaka kumi inauzika. Multi inashuka kila toleo jipya likitoka. Hiyo pia ni sababu ya kununua multi iliyotumika, aliyeinunua mpya ameshabeba hasara.

Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Nenda na gitaa lako na hedifoni. Kanyaga kila swichi mara nyingi, iitike kila mara. Tikisa kebo kwenye matundu, ikikwaruza tundu limechoka. Zungusha nobu zote. Pedali ya kukanyaga iende juu mpaka chini, na volyumu ibadilike bila kuruka. Kwenye multi rudisha mipangilio ya kiwandani mbele ya muuzaji, ikigoma kuwaka baadaye ujue mapema. Angalia sehemu ya betri kama kuna kutu ya betri iliyovuja. Omba adapta yake halisi, ukinunua peke yake ni gharama nyingine. Kwenye kuagiza nje jumlisha na kodi kabla hujafurahia bei, VAT peke yake ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya, na bado ushuru na usafiri.

Nimeshaamua pedali moja moja. Ninunue kwa mpangilio gani?

Tyuna kwanza, sio ya kujadiliwa. Halafu overdraivu au dilei kutegemea unapiga nini, mpiga rumba dilei, mpiga roki na blues overdraivu. Ya tatu komprisa au korasi. Rivabu mwisho, mixa karibu zote zinayo. Usinunue seti nzima ya bei ya kutupa kwa siku moja, nunua moja ikae miezi uijue.

Nikitumia simu tu na kikebo cha kuunganisha gitaa?

Kwa mazoezi chumbani sawa, hasa iPhone na iPad. Simu nyingi za Android zinachelewesha sauti kiasi cha kukera. Jukwaani sikushauri, simu itapigwa katikati ya wimbo.

Mi napiga besi, haya yananihusu?

Yanakuhusu ila kwako ni rahisi zaidi manake besi ikiingia kwenye mixa kwa DI inasikika vizuri bila kuiga chochote. Komprisa nzuri na ekwalaiza ndo mahitaji yako, ukitaka boksi moja kuna Zoom B1 Four na Boss GT-1B zilizotengenezwa kwa besi. Usitumie multi ya gitaa la solo kwa besi kama una chaguo, makabati na overdraivu zake nyingi zinakata chini na noti ya mwisho chini kabisa inapotea.